Kuongeza sampuli hakunyooshi jibu lililopinda

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili wa uzamili, nakokotoa chaji aksia ya protoni (gA, namba inayohusika na kasi ya kuoza kwa nyutroni) kwa latisi, yaani nafasi na wakati vilivyogawanywa kuwa nukta kwenye kompyuta: nukta 32 kila upande, umbali kati ya nukta femtomita 0.09, pioni (chembe nyepesi) ya uzito wa MeV 300. Kati ya chanzo (protoni inapoundwa) na kipokezi (inapopokelewa) nimeweka hatua 10 za wakati. Napata 1.15, na maabara zinasema 1.27. Nimeongeza sampuli mara nne, kosa la takwimu likapungua nusu, jibu halikusogea. Mwenzangu ananiambia nichague eneo la grafu linalokaribia 1.27. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. Kwanza, huyo mwenzako usimsikilize.

Jibu lako halikusogea kwa kuwa sampuli hazina kazi ya kulisogeza. Zinapunguza mtikisiko, basi. Chukua mizani ya buchani iliyochezewa, pima nyama ile ile mara mia: utaujua kwa uhakika mkubwa uzito ambao sio. Kila muhula naletewa grafu za namna hii, makosa madogo kama punje, na mwenyewe anajisifu.

Hatua zako 10 ni femtomita 0.9. Opereta, yaani fomula ya kuunda protoni, uliyoiweka kwenye chanzo haizai protoni peke yake. Inazaa pia ndugu zake wazito, na protoni iliyoandamana na pioni. Hao hufifia wakati unavyosonga, ila kwenye 0.9 bado wamo, na uwanda (sehemu tambarare ya grafu) unaouona umetulia ni mchanganyiko wao. Chora uwiano unaokupa gA kwa hatua 10, 12, 14 na 16 kwenye grafu moja. Ukiona unapanda ngazi kwa ngazi, umempata mchawi.

Gharama yake ndiyo inayowakimbiza watu. Kelele za protoni hukua haraka kuliko ishara yake, kwa hiyo kwa pioni yako kila hatua mbili unazoongeza zinadai sampuli karibu mara tatu ili kosa libaki lile lile. Kutoka 10 hadi 16 ni kama mara 27. Ulizoongeza mara nne ungezitumia huko.

Boksi lako, yaani upana wa latisi yako, la femtomita 2.9 linatosha kwa pioni hiyo. Lakini pioni halisi ni ya karibu MeV 140, nawe una umbali mmoja tu wa nukta. Mwaka 2008 kundi la Budapest, Marseille na Wuppertal lilipokokotoa uzito wa protoni na wenzake, lilitumia umbali wa aina tatu na pioni za uzito mbalimbali, ndipo likavuta hadi kwenye hali halisi. Boksi moja halikupi haki ya kusema “protoni”.

Sasa hao wa kuchagua eneo. Miaka mingi makundi yenye majina yalipata gA chini ya 1.27, na ni kwa kuwa namba ya maabara ilikuwapo ndiyo maana walijua pana kasoro. Njoo kwenye chaji tensa, gT, namba nyingine ya protoni, inayohitajika na wanaotafuta dipoli ya umeme ya nyutroni (chaji chanya na hasi kutengana kidogo ndani yake). Huko latisi ndiyo inayoongoza, maabara bado iko nyuma kwa usahihi. Aliyezoea kuchungulia jibu atachungulia wapi? Atatoa namba yoyote yenye kosa dogo, na wenzake wataijengea hoja juu yake.

Niandikie ukipata grafu ya hatua 16, hata kama mistari ya makosa ni mirefu kama fito.