Ukipasuliwa kwa matundu, figo nazo huguswa?

Barua za safari hii zimeangukia mahali pamoja: upasuaji wa tumbo kwa matundu madogo, ule wa kutumia kamera, na figo. Zilizofanana nimeziunganisha.

Shikamoo daktari. Mama alitolewa mfuko wa nyongo kwa matundu. Muuguzi akatuambia kwamba muda wote wa upasuaji alitoa mkojo kidogo sana. Je, figo zimekufa?

Marahaba. Mkojo kupungua ndani ya chumba cha upasuaji hakumaanishi figo zimekufa. Ili kamera ipate pa kutazama, tumbo hujazwa gesi ya kaboni dioksidi mpaka ukuta wake unyanyuke kama hema. Shinikizo linalotumika kwa kawaida ni milimita 12 hadi 15 za zebaki, wakati tumbo lililotulia huwa chini ya 7 hivi. Sasa figo zimekaa nyuma kabisa, kando ya uti wa mgongo, hazina pa kusogea. Gesi inabana vena zinazotoa damu kwenye figo, inabana na nyama ya figo yenyewe. Damu iliyokwama kutoka inaizuia nyingine kuingia. Na hivi viungo vina kiu ya damu kuliko umbo lake: zote mbili hazifiki nusu kilo, lakini hupokea karibu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Damu ikipungua, kuchuja nako kunapungua.

Mwili nao unaongeza lake. Figo ikihisi damu imepungua inamwaga renini, kemikali inayouamsha mwili ubane mishipa na kushikilia maji, na ubongo unaachia homoni ya kuzuia mkojo, kana kwamba mgonjwa amepotea jangwani bila maji. Hayo yalijulikana kabla upasuaji wa kamera haujaenea: mwaka 1947 watafiti nchini Marekani walipandisha shinikizo la tumbo kwa watu wazima hadi milimita 20 hivi, wakaona damu ya figo na uchujaji vyote vikishuka.

Gesi ikitolewa, mbano unaisha. Kwa mtu aliyeingia na figo nzima, mkojo hurudi ndani ya saa chache, na kreatinini, kile kipimo cha damu cha figo, mara nyingi haisogei. Ndiyo maana mtaalamu wa usingizi mzoefu hamiminii mgonjwa dripu juu ya dripu kwa sababu tu mfuko wa kukusanyia mkojo hauna kitu. Maji yaliyozidi huishia kwenye mapafu na kuvimbisha utumbo.

Ulizeni mambo mawili tu: leo mkojo ukoje, na kreatinini ya kabla na ya baada ni ngapi. Ikipanda kwa mikromoli 26 kwa lita au zaidi ndani ya saa 48, au ikafika mara moja na nusu ya ile ya mwanzo ndani ya siku 7, hapo madaktari husema figo imejeruhiwa. Bila kipimo cha kabla, cha baada hakina cha kulinganishwa nacho. Nimeshaona familia ikihangaika wiki nzima na namba ambayo kumbe mgonjwa alikuwa nayo miaka mitatu.

Nimerudi nyumbani na vidonge vya diklofenaki. Pia natumia losartani na furosemaidi za presha. Nimeze vyote?

Usimeze diklofenaki kabla hujazungumza na aliyekupasua. Hili linanisumbua kuliko gesi, kwa sababu gesi hukaa saa moja au mbili na kuna mtu anaitazama, lakini vidonge unakwenda navyo nyumbani.

Damu ikipungua, figo hujitetea kwa namna mbili. Inapanua mshipa mdogo unaoingiza damu kwenye chujio, na inaubana ule unaoitoa, ili shinikizo la kuchujia lisishuke. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zake huzuia ule upanuzi. Losartani, na vilevile enalaprili, huondoa ule mbano. Furosemaidi inakukausha maji. Ukiweka na mtu aliyetoka kufunga kula, aliyetapika baada ya usingizi na hana hamu ya kunywa, figo imenyang'anywa silaha zote kwa mpigo. Mimi nimekutana na wagonjwa ambao upasuaji wao ulikwenda vizuri kabisa, figo zikaanguka siku ya nne kwa sababu ya vidonge vya maumivu.

Mwulize aliyekupasua kama parasetamoli itakutosha. Kwa mtu mzima mwenye ini zima kikomo ni gramu 4 kwa siku, na kwa mwenye umbo dogo kikomo huwa chini ya hapo. Dawa za presha usiziache kwa uamuzi wako. Uliza zirudi lini. Wengine huambiwa wazisimamishe asubuhi ya upasuaji, kisha hakuna anayekumbuka kuwaambia wazianze tena.

Gesi yenyewe inabaki mwilini? Bega linaniuma.

Mabaki yake huingia kwenye damu na kutoka kwa pumzi. Bega linauma kwa sababu gesi imechokoza kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na neva ya kiwambo inatokea shingoni pamoja na zile za bega. Siku mbili tatu huisha. Figo hazihusiki.

Nina ugonjwa sugu wa figo, hatua ya tatu, na kisukari. Si bora nichanwe kwa njia ya kawaida niepuke gesi?

Pole, lakini usikimbilie huko. Mkato mkubwa una gharama zake kwa figo: damu nyingi zaidi kupotea, maumivu makali yanayodai dawa kali, siku nyingi kitandani. Kwa operesheni nyingi matundu bado yana nafuu, hata kwa mtu kama wewe. Waulize wanaokuhudumia kama wanaweza kufanya kazi kwa shinikizo la chini, la milimita 8 hadi 10. Si kila tumbo linakubali, kwa sababu daktari asiyeona vizuri ni hatari kuliko gesi, lakini swali ni la haki.

Uliza pia utakaa bila maji kwa muda gani. Wagonjwa wengi huruhusiwa maji matupu hadi saa mbili kabla ya usingizi, ila kisukari cha muda mrefu huchelewesha tumbo kumwaga chakula, kwa hiyo fuata la mtaalamu wako wa usingizi. Na kama umechomwa dawa ya kung'arisha picha ya CT juzi, au unapewa gentamisini, dawa ya kuua bakteria, hakikisha kila anayekushika anajua. Figo dhaifu mara nyingi huangushwa na mambo madogo manne yaliyokutana wiki moja.

Nataka kumpa kaka yangu figo, wametuambia itatolewa kwa matundu. Gesi haitaiharibu kabla hajaipata?

Swali zuri. Figo za wafadhili hai zimetolewa hivyo tangu mwaka 1995, na wapasuaji waliliona hilo mapema. Ndiyo maana hukupa maji ya kutosha na hawaliachi tumbo libanwe kuliko lazima. Wewe utabaki na moja, nayo itatanuka na kufanya kazi zaidi. Baada ya muda uwezo wako wa kuchuja hutulia kwenye asilimia 60 hadi 70 ya ule wa mwanzo. Presha, protini kwenye mkojo na kreatinini vipimwe kila mwaka, maisha yako yote. Watu hujali hili mwaka wa kwanza, wa tano hawaonekani. Na yale niliyosema kuhusu diklofenaki, sasa ni yako pia.

Nimetoka hospitali jana, tangu asubuhi sijapata haja ndogo. Ni figo?

Huenda ni kibofu. Dawa za usingizi na za maumivu hukilegeza, kikajaa kisiweze kujimwaga. Ukibonyeza chini ya kitovu ukasikia pamejaa na panauma, unahitaji mpira wa mkojo leo, si kesho. Kama pako tupu na umekunywa, ni figo au ni mwili uliokauka, na hapo unahitaji kupimwa damu. Tumbo likivimba badala ya kunywea, ukapata homa, maumivu ya ubavuni au majimaji yanayochuruzika kwenye tundu, hasa kama ulipasuliwa kizazi, mrija unaoshusha mkojo kutoka figo hadi kibofu huenda umeguswa. Zikishapita saa nane bila mkojo, rudi hospitali, na vidonge vyako vyote ubebe.