Bekapu Ilikuwepo, Nenosiri Ndilo Lililopotea

Radi za Kisumu hazibishi hodi. Jioni moja ya Mei stima ilipotea, ikarudi, ikapotea tena, na iliporudi mara ya pili kompyuta kuu ya ofisi ya wahasibu ninayoihudumia ikakataa kuwaka. Diski imekufa. Ndani yake mlikuwa na vitabu vya wateja, na tarehe 30 Juni, mwisho wa kuwasilisha ritani za ushuru, inanukia.

Sikushtuka. Kila usiku kompyuta sita za ofisi hiyo hutuma nakala za faili zao, yaani bekapu, hadi kwenye mashine kuukuu iliyo stoo, inayotumia mfumo wa Linux. Natumia restic, programu ya bure ya bekapu inayosimba kila kitu, yaani kukigeuza kisisomeke bila nenosiri, kabla hakijatoka kwenye kompyuta. Humo mna PIN za KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya, nakala za vitambulisho, mishahara ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu vitu hivyo hivyo. Kila Ijumaa nakala moja huenda nyumbani kwenye diski ya nje, na diski ikisahaulika ndani ya matatu ya Kondele, sitaki aliyeiokota aone chochote.

Basi nikafungua laptopu yangu, nikaandika amri ya kurudisha faili. Ikaniuliza nenosiri. Nilikuwa nimelihifadhi kwenye faili ndogo, ndani ya diski ile ile iliyokufa. Herufi thelathini za ovyoovyo, ambazo nilijivunia kwamba hakuna binadamu angeweza kuzikisia. Restic haina kitufe cha "umesahau?" Nenosiri likipotea, data imekwenda nalo.

Mwenye ofisi akasimama mlangoni. "Kijana, hizo faili ziko ama haziko?"

"Ziko, mzee. Ila hazifunguki."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama fundi wa gari aliyebakiza skrubu mkononi.

Kilichoniokoa ni uvivu wangu mwenyewe. Kompyuta zote sita nilizielekeza kwenye hazina moja, yaani ghala moja la nakala za restic, kwa nenosiri moja, na nusu saa baadaye ndipo nikakumbuka kwamba faili ile iko pia kwenye kompyuta ya mapokezi. Msiige: anayeiteka kompyuta moja huweza kusoma za wenzake wote. Siku hizi kila mashine ina hazina yake.

Nenosiri liandike kwa kalamu kabla ya bekapu ya kwanza, uweke bahasha mbili katika nyumba mbili. Hazina moja ya restic hukubali manenosiri kadhaa, kwa amri ya "restic key add", kwa hiyo mwenye data naye apewe lake.

Hitilafu nyingine ninazokutana nazo mara nyingi huanzia kwa stima. Ruta ikizimika na kuwaka, huenda ikaipa ile mashine ya stoo anwani mpya ya mtandao, na kompyuta zikaendelea kubisha kwenye anwani ya zamani. Tenga anwani ya kudumu ndani ya ruta, ufanye hivyo mapema. Ya pili ni ya kichinichini zaidi. Stima ikipotea bekapu ikiendelea, kufuli, alama ya kwamba hazina inatumika, hubaki ndani yake. Bekapu za usiku unaofuata hupita vizuri, lakini amri ya kufuta nakala za zamani hukataliwa, na wewe huoni lolote mpaka siku diski ijae. Hakikisha hakuna kompyuta inayoendelea na kazi, kisha tumia "restic unlock".

Amri ya ukaguzi, "restic check", nayo isikulaze usingizi. Ikiendeshwa hivi hivi hukagua mpangilio tu. Ongeza "--read-data" ndipo isome data yenyewe. Hata hivyo mimi huamini zaidi kurudisha folda moja kwenye mashine tofauti na ile ilikotoka, nikaifungua mbele ya mhasibu. Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunafanya hivyo, na mzee huketi kando na bahasha yake mkononi, kwani haruhusu niguse kibodi kabla hajanisomea herufi zote thelathini kwa sauti.