Nyumba yangu iliyokwenda na jina la shemeji

Juma lililopita kijana mmoja wa Mbezi aliniandikia: "Shikamoo kaka. Nina akiba yangu, nimeona video ya shamba linauzwa Flores, Indonesia, linatazama bahari, na bei yake haifiki kiwanja cha Kigamboni. Wewe uko huko huko. Nifanyeje nisipitwe?"

Nikaandika "Marahaba mdogo wangu," nikaishia hapo. Siku hiyo hiyo mke wangu alikuwa amerudi kutoka mjini Ruteng, huku huku Flores, na bahasha ya kahawia, ndani yake hati ya ardhi yenye jina lake. Hati hiyo tumeitafuta miaka kumi. Kwa hiyo kijana, jibu lako limekuwa refu, na naliweka hapa kwa sababu najua hauko peke yako. Nani kati yetu hana ndoto ya kiwanja mahali asikozaliwa?

Mimi nilikuja mwaka 2012 kwa ufadhili wa Darmasiswa, ule ambao serikali ya Indonesia huwapa wageni wajifunze lugha na sanaa zao. Nikapangiwa Yogyakarta. Huko nikakutana na binti wa Manggarai, upande wa magharibi wa kisiwa cha Flores, na mwaka 2014 tukafunga ndoa kwao. Mimi Mmoraviani wa Tukuyu, wao Wakatoliki wa kweli kweli, kwa hiyo hapo katikati palikuwa na vikao na padri ambavyo naviruka. Mahari yao inaitwa belis. Nayo nairuka, maana bado nalipa.

Safari yenyewe niieleze, kwa sababu hao wa video hawaionyeshi. Kutoka Dar unapita Doha, Jakarta, halafu ndege ya kwenda Labuan Bajo, wanakoshuka watalii wa mijusi wakubwa wa Komodo. Watalii wanaelekea kwenye boti, wewe unaelekea milimani. Mpaka Ruteng ni kama kilomita 130, lakini ni saa nne na ushee za kona tupu, na kabla gari halijang'oa konda anagawa mifuko ya plastiki. Anawajua abiria wake. Ruteng unapanda oto kol, yaani lori lililopigiliwa mabenchi ya mbao na kuezekwa paa, muziki unapasua masikio, chini ya miguu yako kuna magunia ya mchele na nguruwe aliyefungwa kamba. Kiangazi ni saa tatu hivi. Mvua za Novemba mpaka Machi zikishika, mlima unaporomokea barabara, mnashuka wote mnatembea na mizigo.

Mara ya kwanza nilipofika niliteremka kwenye ukungu, nikaona migomba, mibuni, akina mama wamejifunga vitenge vyao kwa ajili ya baridi. Nikasema, mbona hapa ni Tukuyu? Nadhani ndipo nilipoanza kukosea. Nilijiona mwenyeji kabla wenyeji hawajaniona hivyo.

Na lugha yao ikanimalizia. Habari wanasema kabar, meza ni meja, sabuni ni sabun, riziki ni rezeki, dunia ni dunia. Kwenye mlango wa kila kijiji kuna kibao kimeandikwa "Tamu 1x24 jam wajib lapor". Nilidhani ni tangazo la kitu kitamu. Kumbe tamu ni mgeni, na kibao kinasema mgeni aripoti kwa uongozi ndani ya saa 24. Sasa karatasi kubwa kuliko zote za ardhi inaitwa Hak Milik. Mswahili gani asielewe hapo? Haki. Kumiliki. Nikaona sheria hii naisoma mwenyewe, wakili wa nini.

Sheria yao ya msingi ya ardhi ni Na. 5 ya mwaka 1960, na inasema Hak Milik ni ya raia tu. Mgeni mkazi anaweza kupewa Hak Pakai, haki ya kutumia kwa muda: miaka 30, kisha 20, kisha 30 mingine ukikubaliwa. Tusiwacheke, maana na sisi tuna Na. 5 yetu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mgeni kwetu hapati ardhi ila kwa mlango wa uwekezaji. Kisichojulikana na wengi ni hiki: ukioa raia wa Indonesia bila mkataba wa kutenganisha mali kabla ya ndoa, mali mnazochuma zinahesabiwa zenu wote wawili, kwa hiyo na mkeo anakwama kwa sababu yako. Sisi hatukuwa na mkataba. Wapenzi gani wa miaka hiyo wanakaa mezani kugawana sufuria?

Basi mwaka 2015 tukafanya wanachokifanya wengi, pinjam nama, kuazima jina. Tuliazima la shemeji yangu, mtoto wa baba mdogo wa mke wangu. Mtu wa watu, alinifundisha kuchoma kahawa. Nililipa rupia milioni 80, kama milioni 12 za Tanzania wakati ule, zote za kutafsiri nyaraka usiku nimekaa juu ya jiwe moja la kilimani ambako mtandao ulikuwa unashika. Hati ikatoka kwa jina lake. Nikajenga nyumba ya matofali ya saruji, bati la bluu, vyumba vitatu, baraza linalotazama mashamba ya mpunga. Lile baraza nilipima mwenyewe kwa futi kamba.

Mwaka 2019 shemeji aliichukua hati akaiweka rehani kwenye chama cha kuweka na kukopa. Hakuniambia. Mkopo ukamshinda. Mwaka 2021 watu wa chama wakaja na tepu, wakapima baraza langu mimi nimekaa juu yake na kikombe cha kahawa mkononi.

Nilikwenda kwa mtaalamu wa mikataba mjini na ile karatasi ya siri tuliyoandikiana na shemeji. Aliisoma, akanirudishia kwa vidole viwili. Akanifungulia kifungu cha 26 cha ile sheria ya 1960: makubaliano ya kumfikishia mgeni ardhi ya Hak Milik kwa njia ya pembeni ni batili, ardhi inaangukia serikalini, na pesa uliyolipa huidai. Yaani nikiipeleka mahakamani, ushahidi ninaojivunia ndio utakaonizika. Usiazime jina, kijana. Hata la ndugu. Hasa la ndugu.

Nikakimbilia kwa wazee wa kijiji nikitarajia huruma, na hapo nikapigwa mara ya pili. Wamanggarai wana msemo, "gendang one, lingko pe'ang": ngoma ndani, mashamba nje. Nyumba ya ngoma ya ukoo na mashamba yake ni kitu kimoja. Mashamba hayo, lingko, yanagawanywa kama utando wa buibui kuanzia kitovu katikati, na mgawaji ni mzee anayeitwa tu'a teno. Anayetaka ardhi huja na kuku na tembo la mgema, huomba mbele ya watu. Mimi nilikuwa na barua ya ofisi ya kijiji na risiti. Mzee akaniuliza kwa upole kabisa, "Kuku wako tulimla lini?"

Sikuwa na jibu.

Mwaka uliofuata siuelezi, ulikuwa wa kupanga chumba Ruteng na kununiana. Lakini ndipo mke wangu alipogundua kwamba tangu Oktoba 2016 Mahakama ya Katiba yao iliruhusu wanandoa kuandika mkataba wa mali hata wakiwa tayari ndani ya ndoa. Miaka sita haki iko mlangoni, sisi tunalia! Tukaandika, tukausajili, mke wangu akawa huru kumiliki kwa jina lake. Kisha baba mkwe, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kwao binti harithi shamba, ila baba anaweza kumpa zawadi, nayo inaitwa widang. Nikanunua jogoo. Nikabeba tembo. Nikaketi mkekani miguu ikafa ganzi, nikaomba kwa Kimanggarai kibovu mpaka akina mama wakacheka. Yule mzee akasema sasa amesikia.

Kwa hiyo ushauri wangu ndio huo huo. Usiazime jina. Jifunze lugha, na usijifanye umeijua kwa sababu ya maneno tunayogawana nao. Omba kabla ya kununua. Kaa masika moja nzima kwanza, ushuke kwenye oto kol utembee kwenye tope, ndipo uongee habari ya kutazama bahari. Vijana mnataka hati kabla ya salamu! Na ujue hata hii bahasha ya kahawia si yangu. Ni ya mke wangu, na akitangulia yeye, sheria inanipa mwaka mmoja kuiachia. Watoto wetu wana uraia wa pande mbili kwa sasa, lakini wakishafika 18 watatakiwa kuchagua. Nimeyakubali hayo. Wewe jiulize kama unaweza.

Nyumba ya bati la bluu naiona kutoka shamba jipya. Wamepaka rangi ya kijani, haipendezi.

Mwezi ujao ukoo una penti, sherehe ya shukrani ya mavuno. Kwa mila yao mimi ni anak wina, upande uliooa, na upande uliooa hutoa. Upande wa mke, anak rona, hupokea, na katika wapokeaji atakuwepo shemeji. Nguruwe nimeshamlipia, analetwa na oto kol ya Jumamosi.