Nguzo za Ribblehead hazikai juu ya sufu

SWALI: Nimesoma kwamba daraja la reli la Ribblehead, kaskazini mwa Uingereza, lilijengwa kinamasini juu ya marobota ya sufu, na hadi leo limesimama. Fundi anayetujengea kivuko cha miguu kijijini anatumia mfano huo, akitaka nguzo zetu za mawe zikae juu ya matawi na viroba vya mchanga. Je, ni salama?

JIBU: Si salama, na mfano wenyewe si wa kweli. Hadithi hiyo ya sufu naisikia mara kwa mara, na karibu kila mara anayeisimulia ni mtu anayetaka kukwepa kuchimba. Wajenzi wa reli ya Settle hadi Carlisle, walioanza kazi milimani Pennines mwaka 1869, waliikuta ardhi ya Ribblehead ikiwa mimea iliyooza na kulowa maji, na chini yake udongo wa mfinyanzi. Walichimba wakaupita wote, mahali pengine kina cha mita 7 na zaidi, hadi wakaufikia mwamba.

Hawakuwa na njia nyingine. Daraja lina matao 24, yanayofikia kimo cha mita 32, na tao la mawe husimama kwa kusukumana na jirani yake. Nguzo moja ikititia upande, tao lake hupasuka na msukumo wote huelemea tao linalofuata. Ndiyo sababu kila nguzo ya sita ilijengwa nene kuliko nyingine, ili matao yakianguka, maafa yaishie hapo. Mhandisi aliyechukua tahadhari hiyo kwa nguzo zilizokaa juu ya mwamba asingeziweka juu ya manyoya ya kondoo.

Huenda watu wanachanganya na kazi ya George Stephenson, ambaye katika reli ya Liverpool na Manchester, iliyofunguliwa mwaka 1830, alikivuka kinamasi cha Chat Moss kwa kutandaza vichaka na fito zilizosukwa. Hilo lilikuwa tuta: uzito wake umetawanyika katika eneo pana, na likididimia huongezewa kokoto. Nguzo huukusanya uzito mahali padogo, na hakuna atakayeinyanyua aongeze kokoto chini yake.

Mafundi wa njia za mkato nimewachoka, kwa sababu makosa yao hufukiwa kabla ya mtu kuyaona. Kivuko kinaweza kupita kiangazi kizima bila ufa, wakalipwa, wakaondoka. Masika yakija, udongo hulowa, nguzo huinama, na wanaovuka ni watoto wa shule. Hata nyumba na tangi la maji huharibika hivyo hivyo. Msikubali mawe yashushwe kabla mhandisi hajaingia shimoni kuukagua udongo wa chini, na fundi akikataa kuliacha shimo wazi hadi likaguliwe, msimlipe.