Kutoka Boxer 150 hadi R1? Hapana, mdogo wangu

Umeuliza kama uzoefu wa Boxer 150 unatosha kununua Yamaha R1, pikipiki ya mbio. Hautoshi, mdogo wangu. Boxer ina nguvu farasi kama 12, R1 za miaka ya karibuni zinakaribia 200. Ukivuta mafuta kwa pupa kwenye Boxer, inanguruma tu. Kwenye R1 tairi la mbele linanyanyuka, au la nyuma linateleza, kabla hujajua umefanya nini.

Mimi naogopa zaidi breki. Umeingia kona kwa kasi, hofu imekushika, unabana breki ya mbele yote kwa mkupuo. Kama haina ABS (mfumo unaozuia gurudumu kujifunga ukibana breki), gurudumu linajifunga na umeshalala chini. Wazoefu huibana taratibu, na mkono haujifunzi hilo kwa kuambiwa.

Uingereza, kijana wa miaka 19 haruhusiwi pikipiki kubwa inayozidi kilowati 35, yaani nguvu farasi kama 47. Wana sababu. Tafuta pikipiki ya nguvu ya kati, kama Kawasaki Ninja 300 au KTM Duke 390 yenye ABS, iendeshe mvua na jua, angalau mwaka mzima. Hela itakayobaki nunua helmeti ya maana, jaketi, glovu na buti.