Chumvi na unyevu: namna ninavyotunza darubini ya kutazamia ndege huku Mtwara

Darubini yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, na niliamini kwamba adui yake mkubwa angekuwa kuanguka. Kila nilipopanda bodaboda kwenda Msimbati niliizungushia kanga, na nyumbani Mikindani niliiweka ndani ya mkoba wake wa ngozi, juu kabisa ya kabati, mahali ambapo watoto wasingeifikia. Haikuanguka hata siku moja. Hata hivyo, baada ya masika mawili, ndege aina ya sululu waliokuwa wakidonoa kaa kwenye matope walianza kuonekana kana kwamba wamesimama nyuma ya moshi, na nilipofuta lenzi moshi ule haukutoka.

Nilipata jibu siku nilipowasha tochi ya simu, nikaimulika kupitia upande wa macho na kuchungulia kwenye lenzi kubwa za mbele. Ndani ya kioo nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko unywele, zilikuwa zimetambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, zikigawanyika kama mizizi ya mchicha uliong'olewa. Ilikuwa kuvu. Fundi wa kamera jijini Dar es Salaam aliifungua na kuisafisha, lakini alinionyesha madoa ambayo yasingetoka tena, kwa sababu tindikali inayotolewa na kuvu ilikuwa imekwisha kula utando unaopakwa juu ya kioo ili kupunguza mng'ao. Mkoba wa ngozi ndio ulioiponza: ngozi hunywa unyevu na kuushikilia, na kabati lenye giza lisilopitisha hewa likamalizia kazi.

Tatizo letu sisi wa kusini ni kwamba ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia wako pwani kwetu kati ya Septemba na Aprili, na sehemu kubwa ya kipindi hicho ndiyo ya kaskazi na mvua, hewa ikiwa nzito kwa unyevu. Kwa hiyo tunaitumia darubini zaidi katika miezi ileile inayoiharibu zaidi. Siku hizi naihifadhi katika chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana sawasawa, pamoja na vifuko vya chembe za silika, vile vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Chembe hizo zikishiba maji hazina faida tena, kwa hiyo ninazo zile zinazobadilika rangi, na zikibadilika nazitoa na kuzikausha kwa moto mdogo katika sufuria ambayo haipikiwi chakula. Mchele ambao wengi hushauri kuutumia mimi siuamini, kwa kuwa haunyonyi unyevu vya kutosha na huacha vumbi la wanga.

Chumvi nayo inataka nidhamu ya kila siku. Upepo wa bahari huileta hata kama darubini haikuguswa na maji, nayo ikikauka juu ya lenzi huwa chembe ngumu. Ukizisugua kwa pindo la shati, unachora kioo kwa mkono wako mwenyewe. Ikiwa darubini imetengenezwa isiingize maji, naimwagia taratibu maji baridi ya kunywa kutoka kwenye kata, nazungusha gurudumu la kulengea ili chumvi itoke kwenye maungio, kisha naiacha kivulini ikauke kabisa kabla ya kuirudisha chomboni. Isiyozuia maji haimwagiwi: ipulizie kwa pampu ndogo ya mpira, ipitishie brashi laini, ndipo uifute kwa kitambaa cha miwani kilicholowanishwa kidogo.

Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho naiacha chomboni kabisa nikipita mashambani, kwa sababu vumbi lile jepesi huingia katika kila mwanya. Dawa ya mbu ya kujipaka nayo huyeyusha baadhi ya mipira na plastiki, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kuishika darubini. Usiiache ndani ya gari lililoegeshwa juani.

Kwa atakayenunua, ningemshauri atafute iliyozibwa vizuri na kujazwa gesi ya naitrojeni isiyo na unyevu, hata ikiwa ukuzaji wake ni mdogo. Yangu ya sasa ni 8x42, yaani hukuza mara 8 na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 42, nayo imekwisha kupita masika saba bila uzi mmoja wa kuvu. Ukiletewa iliyotumika, imulike kwa tochi kama nilivyoeleza, kisha tazama ukingo wa bati la nyumba ya mbali. Ukiona kingo mbili, au macho yakichoka upesi, prizimu, yaani vioo vya ndani vinavyoelekeza mwanga, zimehama, huenda kwa sababu iliwahi kuanguka. Mrudishie mwenyewe, kwa maana kuzirudisha mahali pake kunahitaji fundi mwenye vifaa maalumu, na gharama yake yaweza kuipita bei uliyotajiwa.