"Nishikie, Nalipa Ijumaa": Maswali ya Wauzaji wa Mtandaoni

Maswali ya safari hii karibu yote yamekuja na kilio kimoja: mzigo umetoka, pesa haijaingia. Wengine wenu mwauza kwenye status ya WhatsApp, wengine Instagram na TikTok, wengine Facebook, lakini mteja anayechelewesha ni yuleyule. Huenda majibu yangu yasimpendeze kila mtu, maana naona kuchelewa kwingi huanza siku ile ya kukubaliana bei, kabla hata mfuko haujafungwa.

*

Nauza madera na mitandio kwenye status. Nikipandisha mzigo mpya tu, watu hukimbilia "nishikie hilo la zambarau, nalipa Ijumaa". Ijumaa ikifika, kimya. Idi iliyopita nilibakiwa na madera yaliyoshikwa na hayakulipwa, na wenye pesa mkononi nilikuwa nimeshawaambia yameisha. Nifanyeje? – Muuza madera, Majengo

Dada, anayekwambia "nishikie" hajanunua kitu. Amekuomba fadhila, na fadhila hupewa muda. Wewe ukimjibu "sawa" ukanyamaza, umempa muda usio na mwisho. Mwandikie hivi: "Sawa habibty, nakushikia mpaka leo saa mbili usiku. Ukitaka nikuwekee mpaka Ijumaa, tuma arubuni ya 200. Bila hivyo nalirudisha status." Kisha saa mbili ikifika, lirudishe kweli. Hapo ndipo wengi huteleza. Saa mbili inakuwa saa nne, saa nne inakuwa "ngoja nimpe mpaka asubuhi", na mteja keshajua kwamba maneno yako hayana uzito.

La pili, usimwambie mtu yeyote kwamba dera limeisha ilhali halijalipwa. Mwambie ukweli: "Kuna aliyeliomba, akishindwa saa mbili nakuita wewe." Weka jina la wa pili, na hata la wa tatu. Tena mwambie wa kwanza kwamba kuna anayesubiri nyuma yake. Utashangaa jinsi M-Pesa inavyoingia haraka mtu akisikia dera lake linatakwa na mwingine.

Kuhusu arubuni yenyewe, sema mapema kama hurudishwa mtu akighairi au hairudishwi. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya kuila arubuni ya aliyeghairi, na hapa Mombasa utamkuta mteja anayelijua hilo vizuri kukushinda. Rai yangu: ukipata mnunuzi mwingine, irudishe. Kazi yake ilikuwa kumpima mtu nia, si kukutajirisha.

Na mwezi wa Ramadhani, kuanzia chungu cha ishirini, yaani siku ya ishirini ya kufunga, usishike nguo hata moja bila pesa, awe ni nani. Dera la Idi likikulalia mpaka Idi mosi jioni, bei yake utapangiwa na mnunuzi.

*

Nachagua viatu vya mtumba soko la Kongowea, nikivisafisha nauza Instagram. Boda akifika kwa mteja, mteja anavijaribu, halafu anamwambia boda "wewe nenda, namtumia sasa hivi". Pesa inakuja siku ya tatu, au inakuja picha ya ujumbe wa M-Pesa ambao mimi siuoni kwenye simu yangu. – Kijana wa viatu, Kisauni

Kaka, anza na boda kabla ya mteja. Huyo boda wako hajaambiwa kazi yake. Yeye anajua amepelekwa kuacha mzigo; hajui kwamba haruhusiwi kuuacha mpaka wewe umpigie. Na wewe usimpigie kwa sababu mteja amesema ametuma. Mpigie baada ya ujumbe kuingia kwenye simu yako mwenyewe.

Ujumbe wa kweli huingia kwenye uzi ulioandikwa MPESA, pamoja na zile za zamani zote, hauji na namba ya mtu wa kawaida. Ukiwa na shaka, piga *334# uangalie salio, au fungua programu. Salio halikuongezeka? Basi hujalipwa, hata kama maandishi yamepangwa vizuri namna gani na yana jina lako na namba ya muamala. Picha ya skrini mtu huitengeneza akiwa amekaa kitandani. Akikwambia "nilituma lakini nilikosea namba", mwambie kwa upole autume ule ujumbe wake kwa namba 456 aombe arudishiwe. Yeye ndiye mwenye muamala, wewe huwezi kumfanyia, na viatu vinarudi na boda.

Nauli ilipwe kabla boda hajawasha pikipiki. Mteja ambaye hajalipa hata nauli hana cha kupoteza akibadilisha nia mlangoni. Kujaribu viatu si makosa, mtumba hauna saizi ya kuaminika, ila avijaribu boda akiwa amesimama pale pale. Vikimbana, virudi. Nauli ya kurudi ni ya nani? Kubalianeni kwenye simu, si pale kizingitini huku boda akilalamika kwamba ana safari nyingine Mtwapa.

*

Nauza vyombo vya jikoni mtandaoni. Shangazi yangu alichukua seti ya sufuria za 8,500 akasema atalipa mwisho wa mwezi. Miezi inapita. Nikimkumbusha anacheka, "Kwani nitakimbia?" Mama ananiambia nimwache, ni aibu kumdai mkubwa. Lakini mzigo ule na mimi nimeuchukua kwa mali kauli, yaani nalipa nikishauza, na mwenye duka hacheki. – Binti wa Tudor

Mwanangu, shangazi anasema kweli, hatakimbia. Ndiyo maana halipi. Mwenye duka ukimchelewesha atakunyima mzigo, mkopo wa simu ukicheleweshwa jina linaharibika, lakini wewe utabaki kuwa mtoto wa kaka yake hata asipolipa mpaka mwakani. Kati ya madeni yake yote, lako ndilo lisilo na gharama ya kuchelewa.

Kwanza acha vijembe. Najua mkono unawasha kuandika kwenye status "wengine wakila hawakumbuki waliowapikia". Pwani tumelelewa na mafumbo, leso zetu zenyewe zinasema, lakini sijaona fumbo lililowahi kurudisha 8,500. Litaleta ugomvi wa ukoo, na katika ugomvi deni husahaulika kabisa; itabaki hadithi ya kwamba ulimtukana shangazi yako.

Mwendee kwake, peke yako, siku isiyo na shughuli wala wageni. Msalimie kama unavyomsalimia siku zote. Usizungumze juu ya ubaya wake, zungumza juu ya deni lako wewe: "Shangazi, nimekuja unisaidie. Zile sufuria nilizichukua kwa mwenye duka na ananitaka pesa tarehe tano. Najua zote huenda hazipo. Unaweza kunipa 2,000 kila wiki tuimalize?" Umemwachia heshima yake na umempa kiasi anachoweza kukijibu. Swali la "utalipa lini?" hujibiwa "inshallah". Swali la 2,000 kila wiki hujibiwa ndiyo, au la, au 1,000, na yote matatu ni afadhali kuliko kicheko. Ukirudi nyumbani mwandikie ujumbe wa shukrani ukitaja mlichokubaliana: "Ahsante shangazi, basi Jumatatu 1,000 ya kwanza." Hapo mna maandishi, na hakuna aliyeona kwamba mmeandikiana.

Mama yako atakukumbusha aya ya 280 ya Suratul Baqara, kwamba mdaiwa mwenye dhiki apewe muhula. Ni haki yake kukukumbusha. Mbele yake kidogo, aya ya 282 inaamrisha deni la muda liandikwe. Watu wetu huihifadhi ile ya kwanza wakaisahau ya pili. Kama shangazi kweli ana dhiki, mpe muhula na umwambie wazi kwamba umempa. Kama huna haja na hiyo pesa, msamehe na umwambie wazi pia. Kinachokuumiza sasa ni kwamba hujamsamehe wala hujamdai, umebaki umenuna.

Na kuanzia leo, bei ya jamaa iwe ni ya pesa mkononi. Mpunguzie 500, mpunguzie hata faida yote ukipenda. Anayetaka kulipa mdogo mdogo anunue kwa bei ya watu wote.

*

Naweza kupandisha picha ya mdaiwa na namba yake kwenye status na magrupu ili aone haya? – Msusi na muuza nywele, Mikindani

Usifanye. Tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data, na picha ya mtu, namba yake na kitambulisho chake ni data zake. Akipeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, wewe mdai ndiye utakayejieleza. Ukiandika "mwizi" na ikawa ni deni tu la kuchelewa, umemfungulia na mlango wa kukushtaki kwa kumchafulia jina. Utadai 3,000 huku ukitafuta wakili.

*

Niongeze asilimia kidogo kwa kila wiki anayochelewa? – Muuza vipuri, Changamwe

Mimi siongezi. Nusu ya wateja wako wataiita riba, na aliyeshindwa kulipa 4,000 hatalipa 4,600. Weka bei yako kamili, na uache kumpa mzigo wa pili kabla hajamaliza wa kwanza.

*

Niliuza friji kupitia Facebook kwa 38,000. Jamaa alitoa 15,000, akaahidi zilizobaki baada ya wiki mbili. Sasa hapokei simu. Polisi waliniambia hilo ni deni, si kesi yao. Rafiki zangu wananiambia niende kwa Kadhi kwa kuwa sote ni Waislamu. – Baba wa watoto watatu, Bamburi

Polisi hawakukosea. Mtu aliyenunua kwa jina lake, akalipa sehemu, kisha akachelewa, ni mdaiwa; hayo ni mambo ya madai. Ingekuwa alikuhadaa tangu mwanzo, kwa ujumbe wa M-Pesa wa bandia au jina la uongo, hapo kuna jinai na ungewarudia kituoni.

Kwa Kadhi utapoteza nauli. Kifungu cha 170 cha Katiba kinaipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Friji halimo. Lakini imamu wa msikiti wenu au mzee wa mtaa anaweza kuwakalisha mkafanya sulhu, na ningeanza hapo. Mkikubaliana, iandikwe: kiasi, tarehe, sahihi zenu na za mashahidi wawili.

Ikishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na Mombasa ipo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yakiwemo ya kuuziana bidhaa. Unaweza kujisimamia bila wakili, unaweza kuzungumza Kiswahili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Kabla ya kwenda, mwandikie barua ya kudai: ulimuuzia nini, lini, amelipa ngapi, zimebaki 23,000, unampa siku kumi na nne. Itume kwa WhatsApp na nakala apelekewe kwa mkono.

Ushahidi wako ni yale mazungumzo yenu na ujumbe wa zile 15,000. Usifute kitu, na ukibadilisha simu hakikisha yamehamia. Ujumbe wa malipo una jina lililosajiliwa, jambo la maana sana, kwani kwenye Facebook huenda anajiita jina jingine kabisa. Mahakama hii haibanwi na kanuni zote za ushahidi kama mahakama nyingine, ila chapisha mazungumzo yote, si vipande vinavyokupendeza wewe. Usiharakishwe na hofu kwamba muda umepita. Deni la mkataba una miaka sita ya kulidai mahakamani.

Jambo moja watu hawaambiwi: hukumu si pesa. Ukishinda na asilipe, kuna hatua nyingine ya utekelezaji, pengine na dalali wa mahakama, na dalali anataka kujua mtu anakaa wapi na ana nini. Kwa hivyo kabla ya yote mtafute anapokaa. Friji lilipelekwa na nani? Kama ni tuktuk au mkokoteni wa mtaani kwenu, aliyelibeba anaujua mlango.

*

Mimi ndiye mteja. Nilichukua kanzu mbili za 3,600 kwa muuzaji wa mtandaoni, mshahara ukachelewa, sasa naona haya hata kufungua ujumbe wake. – Mdaiwa, Likoni

Fungua. Alama mbili za buluu bila jibu zinamuudhi kuliko deni lenyewe. Mwandikie leo kabla hajakuuliza tena, na usimwelezee habari za mwajiri wako kwa aya tatu. Tuma chochote ulicho nacho, hata 300, kisha taja tarehe moja unayoiamini, si ile unayodhani anataka kuisikia. Tarehe hiyo ikikaribia ukaona huiwezi, mwambie siku moja kabla.

Na kama kanzu moja bado iko ndani ya karatasi yake, mwambie. Huenda ana mteja wa saizi hiyo, akaichukua, ukabaki na deni la kanzu moja tu.